Seremala Aliyewapa Mabaharia Saa

Watu wakinunua saa ya mkono husifu mkanda na mng'aro. Mimi humkumbuka John Harrison, kwani baharini saa yenye uongo huua.

Harrison alizaliwa mwaka wa 1693 huko Yorkshire, Uingereza. Alikuwa seremala, mwana wa seremala, na ufundi wa saa alijifunza mwenyewe. Siku zile nahodha hakuweza kujua kwa hakika amefika wapi upande wa mashariki au magharibi. Angekuwa na saa inayoshika majira ya bandari alikotoka, angeilinganisha na jua la adhuhuri hapo alipo. Kila tofauti ya dakika 4 ni digrii moja. Lakini saa zilivurugwa na mawimbi, joto na baridi. Mwaka wa 1714 Bunge likaahidi pauni 20,000 kwa atakayepata dawa.

Harrison alihangaika na saa tatu kubwa kwa karibu miaka 30. Kisha akakubali jambo gumu: dawa ilikuwa saa ndogo. Ya nne, iliyokamilika mwaka wa 1759, ilikuwa na upana wa sentimita 13 tu. Mwanawe William alisafiri nayo hadi Jamaica. Baada ya siku 81 ilihesabiwa kuwa imechelewa sekunde 5.

Hata hivyo wakubwa walidai majaribio zaidi. Mfalme George wa Tatu alipomtetea, Bunge lilimpa pauni 8,750 mwaka wa 1773, naye ni mzee wa miaka 80. Alifariki mwaka wa 1776.

Basi, msomaji, ukichagua saa ya baharini, uliza kwanza: kwa siku hupotea sekunde ngapi?