Arthur Conan Doyle, baba wa Sherlock Holmes, na fumbo la mpira wa Kongo

Katika mchezo huu hakuna dadu wala kete za kusukuma. Juu ya meza kuna ramani ya mji wa London wa mwisho wa karne ya 19, kitabu cha anwani, gazeti la siku na kitabu cha kesi. Mtu ameuawa. Wachezaji wanasoma habari ya mwanzo, kisha wanaanza kubishana: twende kwanza kwa mjane, kwa daktari aliyepima maiti, au kwa mwenye duka ambaye jina lake limetajwa pembeni kabisa ya gazeti? Kila mlango wanaobisha una ukurasa wake wa kusoma. Wakiona wameelewa, wanafunga kitabu na kujibu maswali ya mwisho. Hapo ndipo aibu inapoanza. Sherlock Holmes anapata pointi 100 kila mara. Wewe, kwa kila mlango uliobisha kumzidi yeye, unapunguziwa 5. Wanaocheza mara ya kwanza hutoka na pointi za kuchekesha.

Mchezo huo ulitoka Marekani mwaka wa 1981, ukapata tuzo kubwa ya michezo ya mezani ya Ujerumani mwaka wa 1985, na kwa Kifaransa unaitwa Sherlock Holmes Détective Conseil. Sanduku lake linauzwa mpaka leo, pamoja na michezo mingine mingi iliyofuata njia ile ile. Mtu ambaye hadithi zake ziliuzaa, Arthur Conan Doyle, alikufa karibu karne moja iliyopita. Ulaya anakumbukwa kwa Holmes. Sisi Wakongomani tuna sababu nyingine ya kumjua, na ajabu ni kwamba wengi wetu hatujawahi kuisikia.

Alizaliwa tarehe 22 Mei 1859 mjini Edinburgh, Scotland, katika familia ya Wakatoliki wenye asili ya Ireland. Baba yake, Charles, alikuwa na kipaji cha kuchora lakini pombe ilimshinda, akaishia kufungiwa katika hospitali za wagonjwa wa akili. Mama yake, Mary, ndiye aliyeshikilia nyumba, na ndiye aliyempa mtoto tamaa ya hadithi. Ndugu wenye uwezo walisaidia masomo kwa mapadri Wajesuiti, kisha mwaka wa 1876 kijana akaingia chuo kikuu cha Edinburgh kusomea udaktari.

Pale chuoni alimkuta mwalimu mmoja aliyeitwa Joseph Bell. Mgonjwa alikuwa hajafungua mdomo, Bell tayari anawaambia wanafunzi kazi anayofanya, mahali alikotoka, pengine hata njia aliyopita, kwa kutazama tu mikono, viatu, mwendo na matope kwenye nguo. Doyle alimtazama vizuri. Miaka michache baadaye alimvika mwalimu huyo jina lingine na kumpangisha nyumba katika barabara ya Baker, London.

Kabla ya hapo aliiona Afrika. Mwaka wa 1881, akiwa amemaliza masomo, alipata kazi ya udaktari katika meli Mayumba iliyofanya biashara kwenye pwani ya Afrika Magharibi. Safari haikumpendeza. Joto lilimtesa, homa ikamwangusha karibu kumuua, na aliyoyaandika wakati huo juu ya Waafrika yana dharau ile ile ya Wazungu wengi wa siku zake. Lakini mjini Monrovia, Liberia, alikutana na balozi wa Marekani, Henry Highland Garnet, Mweusi aliyezaliwa mtumwa, akatoroka pamoja na wazazi wake akiwa mtoto, akawa mhubiri na mpiganaji mkubwa dhidi ya utumwa. Walizungumza siku kadhaa juu ya vitabu na historia. Doyle alikiri baadaye kwamba katika pwani ile yote hakukutana na mtu mwenye akili na elimu kumpita yeye. Garnet alifariki Monrovia muda mfupi baadaye, mwezi wa Februari 1882.

Daktari kijana alifungua kazi yake karibu na Portsmouth, kusini mwa Uingereza. Wagonjwa walikuwa wachache, na muda wa kuandika ukawa mwingi. Riwaya ya kwanza ya Holmes ilitoka mwaka wa 1887. Aliiuza na haki zake zote kwa pauni 25. Umaarufu wenyewe ulikuja mwaka wa 1891, hadithi fupi zilipoanza kutoka kila mwezi katika gazeti la Strand. Baada ya miaka miwili alikuwa amemchoka mpelelezi wake, kwani alitaka kuheshimiwa kwa riwaya za historia, akamtupa kwenye maporomoko ya maji ya Uswisi. Wasomaji walikasirika kwa maelfu. Mwaka wa 1903 alimfufua, na alipoweka kalamu chini hadithi za Holmes zilikuwa zimefika 56, pamoja na riwaya 4.

Kuna swali ambalo watu walimuuliza maisha yake yote: je, yeye mwenyewe angeweza kufanya kama Holmes? Jibu lilikuja na kesi ya George Edalji, avoka kijana ambaye baba yake, mchungaji wa kanisa, alikuwa na asili ya India. Mwaka wa 1903 alihukumiwa miaka 7 kwa kosa la kumkatakata farasi usiku, mashambani. Aliachiliwa baada ya miaka 3 bila maelezo, lakini jina lake lilibaki chafu na kazi hakuruhusiwa. Doyle alipanga kukutana naye hotelini. Alipoingia alimkuta anasoma gazeti, amelileta karibu kabisa na macho na kuligeuza upande. Kabla ya kumsalimia alikuwa amepata jibu: mtu asiyeona hivyo hawezi kuvuka mashamba usiku wa giza na kufanya kazi ile. Kelele za Doyle magazetini zilifanya serikali imsamehe Edalji mwaka wa 1907, ingawa bila kumlipa hata senti. Mwaka huo huo Uingereza iliunda tribinali ya rufaa kwa kesi za jinai.

Miaka miwili baadaye mezani kwake palikuwa na kesi ya Kongo.

Haki itendeke: Doyle si yeye aliyelifumbua fumbo hilo. Alikuja amechelewa sana. Mwaka wa 1890, kutoka Stanley Falls, yaani Kisangani yetu ya leo, Mmarekani Mweusi George Washington Williams alikuwa ameandika barua ya wazi kwa mfalme Leopold II wa Ubelgiji kumweleza uovu uliotendwa kwa jina lake. Williams alikufa mwaka uliofuata, na barua ikasahauliwa.

Kisha akaja karani. Edmund Dene Morel alikuwa mfanyakazi wa kampuni ya meli ya Liverpool, na mara kwa mara alitumwa bandarini Anvers. Alitazama meli zikitoka Kongo zimejaa mpira na pembe za ndovu. Alitazama pia kilichopakiwa zikirudi: hasa bunduki, risasi na maofisa. Vitambaa, shaba, chumvi, vitu vya kubadilishana na mtu aliyekuletea mali, havikuwemo vya kutosha. Basi Wakongomani walilipwa nini kwa mpira ule wote? Morel aliona kwamba hawakulipwa. Kama hawakulipwa, walilazimishwa, na bunduki zilikuwa za kazi hiyo. Alifika hapo kwa kusoma hesabu za meli tu, bila kukanyaga Kongo. Mimi nadhani Holmes hana kesi nzuri kuliko hiyo.

Ushahidi mwingine ulifuata. Konsuli wa Uingereza, Roger Casement, alipanda mto mwaka wa 1903 akasikiliza wanakijiji, na ripoti yake ikatoka 1904. Mwezi wa Mei mwaka huo, huko Baringa katika Équateur, mke wa misionere, Alice Harris, alimpiga picha baba mmoja, Nsala, ameketi anatazama mkono na mguu wa binti yake Boali, vitu pekee alivyobakiwa navyo baada ya walinzi wa kampuni ya mpira kupita kijijini. Leopold alibanwa, akatuma tume ya uchunguzi, akitumaini itamsafisha.

Mbele ya tume hiyo alifika chifu Lontulu wa Bolima. Alikuwa na vijiti 110. Aliviweka mezani kwa mafungu manne: watu wakubwa, vijana, wanawake, watoto. Kila kijiti kilikuwa mtu mmoja aliyeuawa kwa ajili ya mpira, na Lontulu akataja majina yao, kijiti baada ya kijiti.

Mwaka wa 1908 Ubelgiji iliichukua Kongo kutoka mikononi mwa mfalme, na Ulaya ikataka kuamini kwamba mambo yamekwisha. Morel hakuamini. Alimtafuta Doyle, mwandishi aliyesomwa kuliko karibu wote wa wakati ule. Doyle alisoma ripoti ya Casement, ushuhuda wa wamisionere, kazi ya tume, kisha akajifungia. Kitabu cha The Crime of the Congo aliandika kwa siku nane hivi, kikatoka mwaka wa 1909 pamoja na picha za watu waliokatwa viungo. Ndani yake hakuna mpelelezi wala mwisho wa kushangaza. Anapanga ushahidi mwaka kwa mwaka na kumwachia msomaji ahesabu. Kwake yeye, hakuna uhalifu uliofikia huo katika historia yote ya binadamu. Pia aliona kilichowaponyoka wengi: watumishi walikuwa wale wale, kampuni zile zile, bendera tu ndiyo iliyobadilika. Alizunguka Uingereza pamoja na Morel, akihutubia kumbi zilizojaa. Leopold alikufa mwezi wa Desemba mwaka huo huo, bila tribinali yoyote kumhoji.

Msomaji wa mashariki ya Kongo ataukuta mwisho wa kitabu hicho ukimchoma. Doyle anauliza: kama Ubelgiji haistahili, nani achukue? Jibu lake ni kugawanya. Ufaransa ipate upande wake, Ujerumani isogeze mpaka kutoka mashariki, Uingereza iongeze kwenye makoloni yake, na katikati libaki eneo la wenyeji chini ya dhamana ya mataifa. Neno hilo la kukatakata nchi tunalijua, tumelisikia mara nyingi mno huku kwetu. Mtu aliyesoma kwa uchungu ushuhuda wa watu wa Équateur hakufikiri hata mara moja kuwauliza wao wanataka nini.

Tusishangae sana. Ni Doyle huyo huyo ambaye mwaka wa 1900 alitibu askari katika hospitali ya vita huko Bloemfontein, Afrika Kusini, kisha akaandika kijitabu kutetea mwenendo wa jeshi la Uingereza, hata kambi ambamo wanawake na watoto wa Boer walikufa kwa maelfu, na Waafrika pia. Kazi hiyo ilisaidia kumpatia cheo cha Sir mwaka wa 1902. Makosa ya mfalme wa Ubelgiji aliyaona vizuri kuliko ya nchi yake.

Urafiki wa watu wa Kongo, kama tuwaite hivyo, haukuvumilia vita vya 1914. Morel alipinga vita. Doyle aliviunga mkono na kuachana naye. Casement alijiunga na wapigania uhuru wa Ireland, akatafuta msaada wa Ujerumani, akakamatwa na kuhukumiwa kifo. Hapo Doyle alionyesha moyo: alikusanya sahihi za watu maarufu kumwombea asinyongwe, akidai kwamba akili ya rafiki yake imechoka kwa mateso ya miaka mingi katika nchi za joto. Alinyongwa tarehe 3 Agosti 1916. Wanaosoma riwaya ya Doyle ya 1912, The Lost World, wanamwona Casement akitembea ndani yake kwa jina la Lord John Roxton, mwindaji anayewachukia wenye watumwa.

Mwaka wa 1918 homa kubwa ilimchukua mwanawe Kingsley, aliyekuwa amejeruhiwa vitani. Doyle alikuwa tayari ameanza kuamini kwamba walio hai wanaweza kuongea na wafu. Sasa alitoa mali na nguvu zake zote kuhubiri imani hiyo. Aliamini hata picha za wasichana wawili wa Cottingley waliodai kuwapiga picha viumbe wadogo wenye mabawa. Zilikuwa michoro ya karatasi, na wenyewe walikiri mwaka wa 1983, wakiwa wazee.

Mahubiri hayo ndiyo yaliyomrudisha Afrika. Kati ya 1928 na 1929 alisafiri na familia yake kutoka Cape kupitia Rhodesia mpaka Kenya, akahutubia Nairobi. Kongo ilikuwa karibu kuliko wakati wowote wa maisha yake, lakini hakuvuka. Alirudi nyumbani na moyo mgonjwa, akafariki huko Crowborough tarehe 7 Julai 1930, akiwa na miaka 71. Walimzika bustanini kwake. Mwaka wa 1955 mabaki yake yakahamishiwa makaburi ya kanisa la Minstead, Hampshire.