Louis Leakey: Mwana wa kipanga aliyekombolewa na kisiwa cha Rusinga

MSAFIRI afikaye njia panda ya Kisian, magharibi mwa Kisumu, akishika barabara ya Bondo hufika Luanda Kotieno, ambako feri humvusha hadi Mbita. Kutoka Mbita huvuka daraja na kuingia Rusinga, kisiwa cha furukombe, minandi na yangeyange, kilichozaliwa na majivu ya volkano ya Kisingiri iliyozimika zamani za kale.

Ni kisiwa hiki kilichomrejeshea heshima Dkt Louis Leakey, mtafiti mashuhuri wa chimbuko la binadamu.

Leakey alizaliwa Kabete mnamo Agosti 7, 1903, mwana wa wamishonari Waingereza. Alikua miongoni mwa Wakikuyu, akazungumza lugha yao na kupewa jina lenye maana ya mwana wa kipanga. Utotoni alipenda mno ndege, kabla ya zana za mawe kumteka moyo. Baadaye alisomea Chuo Kikuu cha Cambridge.

Mnamo 1932, kikosi chake kilipata kipande cha taya huko Kanam, karibu na mlima Homa, kwenye ufuo wa kusini wa Ghuba ya Winam. Leakey alitangaza kuwa taya hilo lilikuwa la babu wa kale kabisa wa binadamu wa leo. Hata hivyo, mwaka wa 1935 mtaalamu wa miamba, Profesa Percy Boswell, alipozuru Kanam, Leakey alishindwa kumwonyesha mahali penyewe. Vigingi vya chuma alivyokuwa ameweka vilikuwa vimeng'olewa. Boswell alimkosoa hadharani, na sifa za kijana huyo zikaporomoka.

Wengine wangekata tamaa. Leakey alirudi ziwani. Enzi hizo hakukuwa na daraja. Watafiti walipanda mashua Kisumu, ufuo wa Kisian ukiwa mkono wa kulia, kisha mlima Homa mkono wa kushoto. Kila safari ya Rusinga ilimpitisha mbele ya pwani iliyomwaibisha.

Rusinga ilikuwa hazina. Majivu ya Kisingiri yalikuwa na madini ya chokaa yaliyohifadhi mifupa, matunda na hata wadudu. Mwaka wa 1942 Leakey alipata huko taya la Proconsul, nyani asiye na mkia aliyeishi takriban miaka milioni 18 iliyopita. Mnamo Oktoba 1948, mkewe Mary aligundua fuvu lenye uso wa kiumbe huyo, la kwanza la aina yake. Mary alilisafirisha mwenyewe kwa ndege hadi Uingereza, na ulimwengu ukawasikiliza tena. Fedha za utafiti zilianza kupatikana, na mwaka wa 1959 wakatia fora zaidi huko Olduvai, Tanzania.

Hata hivyo, sifa hizo hazikuwa zao pekee. Heselon Mukiri, msaidizi wa Leakey kwa miaka mingi, alienziwa mwaka wa 1993 pale nyani mdogo wa Rusinga alipoitwa Proconsul heseloni. Mwaka wa 2015 wataalamu walimweka katika kundi jipya, Ekembo, jina lililotokana na lugha ya Wasuba.

Leakey aliaga dunia jijini London mnamo Oktoba 1, 1972, na kuzikwa Limuru. Kanam ilimfunza kwamba ugunduzi usiowekewa alama thabiti hauna mtetezi. Rusinga ikampa fursa ya kuanza upya.