Siti binti Saad, Mfinyanzi wa Fumba

Sisi watu wa Ufipa tunaijua kazi ya udongo. Wengi wetu tumekula maharage yaliyopikwa katika vyungu vya bibi zetu, tena tumewaona akina mama wakienda sokoni Sumbawanga na mizigo kichwani tangu alfajiri. Kwa hiyo maisha ya mwanamke tunayemweleza mwezi huu hayatakuwa mageni kwetu, ingawa yeye alizaliwa mbali, katika kisiwa cha Unguja.

Alizaliwa katika kijiji cha Fumba karibu na mwaka 1880. Baba yake, Saad, alikuwa wa asili ya Kinyamwezi, na mama yake wa asili ya Kizigua. Walikuwa watu wa ukoo wa utumwa, na mtoto wao wakamwita Mtumwa. Wakristo wa Kianglikana tunakumbuka kwamba soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873, na mahali pale pale Mkunazini Askofu Steere akajenga Kanisa Kuu. Lakini kufungwa kwa soko hakukuwa mwisho wa utumwa. Sheria ya kuwaweka huru watumwa wa Unguja na Pemba ilitoka mwaka 1897, na binti huyu alikuwa amekwisha kuwa mtu mzima.

Baba alikuwa mkulima, na mama mfinyanzi. Mtoto hakusoma shule, wala hakupelekwa chuoni. Alijifunza kufinyanga, akawa anabeba vyungu kwa miguu hadi mjini, akivinadi njiani kwa kuimba. Watu wakaizoea sauti yake kabla hawajamjua mwenyewe. Aliolewa, akapata mtoto wa kike, kisha akaachwa.

Mwaka 1911 aliacha shamba akahamia mjini. Huko Ali Muhsin akamfundisha kuimba taarabu. Baadaye akashirikiana na mafundi kama Subeti bin Ambari, Buda bin Mwendo na Mbaruku. Jina la Mtumwa likaachwa, akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima.

Taarabu siku hizo ilikuwa burudani ya wakubwa, nayo iliimbwa kwa Kiarabu, hata wengi wa wasikilizaji wasielewe neno. Siti aliimba kwa Kiswahili. Aliitwa kuimba mbele ya Sultani na matajiri, na aliimba Ng'ambo kwa maskini waliofanana na wazazi wake. Mwaka 1928 kampuni ya His Master's Voice ilimchukua pamoja na wenzake hadi Bombay, Bara Hindi, wakatiwa katika santuri. Anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Katika miaka michache tu ziliuzwa santuri zaidi ya 70,000, na gramafoni za Unguja, Mombasa na bara zikawa zinamwimbisha mfinyanzi wa Fumba.

Sifa haikukosa adui. Wako waliomtungia nyimbo za kumdhihaki kwa asili yake, kwa sura yake na kwa vyungu alivyokuwa akiuza. Yeye alijibu kwa wimbo, kwamba uzuri wa sura si hoja, na kwamba mtu hupimwa kwa akili. Tena sauti yake haikuwa ya kufurahisha tu. Ulikuwapo wimbo wake juu ya mtu aitwaye Kijiti, aliyemwua mwanamke mgeni kisha akatorokea bara, hali waliofungwa ni wanawake walioshuhudia, kwa kosa la pombe. Jambo ambalo maskini hawakuweza kulisema barazani kwa hakimu, Siti aliliimba, likasikika.

Siku zake za mwisho alitembelewa na Shaaban Robert, mshairi wetu mkubwa, ambaye aliandika wasifu wake. Siti alifariki mwaka 1950. Waliomfuata ni wengi, mmoja wao akiwa Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013. Na mwaka 1988 waandishi wa habari wanawake wa Tanzania walipoanzisha gazeti lao, waliliita Sauti ya Siti.

Ndugu wasomaji, habari hizi zinatuchoma kidogo sisi tuliokuwa walimu. Miaka mingi tulipima watoto kwa kalamu peke yake. Msichana aliyechelewa kusoma tulimweka nyuma ya darasa, na alipoimba wakati wa kazi tukamwambia anyamaze. Hatukumwuliza wimbo ule kaupata wapi. Huenda alikuwa ameutunga mwenyewe. Leo ni mama mzee mahali fulani katika nyanda hizi, na wimbo wake hatutausikia tena.

Hatusemi kwamba shule haina faida. Tungekuwa tunajikana wenyewe. Siti mwenyewe ilimbidi ajifunze kila wimbo kwa kusikia na kukariri, nayo ni taabu. Tunasema tu kwamba Ali Muhsin alisikia sauti kwa mwanamke wa shamba asiyejua kusoma, akakaa chini kumfundisha. Jumamosi ijayo, tukipita sokoni na kumkuta binti anayenadi dagaa au vyungu kwa sauti nzuri, tusipite upesi. Tusimame kidogo tumsikilize, tena tumwulize jina lake.