Tumkumbuke Anders Åkerman, Fundi wa Matufe ya Dunia

Sisi walimu tunaochora dunia ubaoni kwa chaki tumeona vema kumkumbuka Anders Åkerman wa mji wa Uppsala, nchini Uswidi.

Yeye alikuwa fundi wa kuchonga ramani na picha kwenye mabamba ya shaba ili zichapwe. Mwaka 1758 wasomi wa Uppsala waliunda chama cha elimu ya dunia na anga, naye akakifanyia kazi. Mwaka 1759 alitoa matufe mawili: moja la dunia, jingine la nyota. Kila jina alilichonga kinyume ili lisomeke sawa likichapwa. Karatasi zilikatwa vipande vyembamba vyenye ncha juu na chini, vikabandikwa juu ya tufe. Kipande kimoja kikikaa vibaya, pwani hazikutani. Mwaka 1766 alitoa matufe makubwa ya sentimita 59.

Alifariki mwaka 1778, lakini kazi haikufa. Mwanafunzi wake, Fredrik Akrel, aliiendeleza huko Stockholm.

Sisi hatuna tufe darasani. Hata hivyo, tunachokijua tunaweza kukirithisha. Wazazi, tuleteeni watoto.