🌙 *TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 14: Imamu Ghazali na swali la mwanzo*



Leo ni funga ya 14. Umeifikiaje? Ulianza ya kwanza, ikaja ya pili, mpaka hapa. Sasa jiulize: kama nyuma yetu kungekuwa na siku zisizo na ya kwanza, zingekwisha lini ili leo ifike?

Swali hili lilimshughulisha sana Imamu Abu Hamid al-Ghazali. Alizaliwa Tus, Uajemi, mwaka 450 Hijria (1058). Baba yake alikuwa msokota sufi, akafariki mapema, na mtoto akaingia madrasa alikopata elimu pamoja na chakula. Mwaka 484 (1091) alikabidhiwa kufundisha Nidhamiya ya Baghdad, chuo kikubwa cha zama zile.

Wanafalsafa waliomfuata Ibn Sina walisema ulimwengu hauna mwanzo, mbingu zinazunguka tangu na tangu. Ghazali alisoma vitabu vyao kwanza, ndipo akawajibu kwa hesabu yao wenyewe. Jua hukamilisha mzunguko kwa mwaka 1, Zohali kwa miaka 30 hivi. Basi Jua likizunguka mara 30, Zohali imezunguka mara 1. Kama hakuna mwanzo, mizunguko yote miwili haina idadi. Iweje kichache kilingane na kingi? Na jumla yake, ni shufwa au witiri?

Utasema: mbona Allah hana mwanzo? Ghazali alijibu kuwa wakati nao umeumbwa, na Muumba hahesabiwi kwa siku. Ndiyo sifa ya Qidamu wanayohifadhi watoto wetu madrasani.

Ibn Rushd alikuja kumpinga baadaye, na mjadala uliendelea.

Lakini tazama hapa. Kitabu hicho alikimaliza mwaka 488 (1095). Mwaka huohuo ulimi ukamfunga darasani, chakula hakipiti. Alijichunguza akaona anafundisha kutafuta jina. Akaacha cheo, akagawa mali akibakisha ya kulisha watoto, akaenda Sham, Quds na Makka. Alifariki kwao Tus mwaka 505 (1111).

Aliyetetea kwamba zama zina mwanzo alikumbuka kuwa zake zina mwisho. Na wewe ndugu yangu wa Nyasubi, unayesema utatubu mzigo ukishauzika, au duara likishatema dhahabu? Ramadhani hii zimebaki siku 15 au 16 tu. Deni la mtu lipa leo. Uliyemnunia mpigie kabla ya futari.

Allah atukubalie funga zetu. Aamiin. Tukutane tarawehe inshaallah. 🤲