MUTOTO, KITABU NA MAWE MEUSI

Ndugu wanafunzi, leo tunawaletea maisha ya mutu mumoja ambaye jina lake tunalisikia katika somo la historia: Louis Leakey.

Alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903 kule Kabete, karibu na Nairobi. Wazazi wake walikuwa wamisionere Waingereza. Yeye alikua pamoja na watoto Wakikuyu, akasema lugha yao kama wao wenyewe.

Alipokuwa na miaka kama 12, ndugu yake mumoja wa Uingereza alimutumia kitabu cha Noeli. Kilieleza maisha ya watu wa zamani sana, mbele ya chuma kujulikana, na vyombo vyao vya mawe. Louis akaanza kutafuta mawe ya namna ile. Lakini kitabu kilisema juu ya jiwe la Ulaya, na yeye hakujua lilivyo. Basi akaokota yale ya karibu na nyumbani, meusi, yenye kungaa kama chupa. Mwisho akajipa moyo, akayapeleka kwa Arthur Loveridge, aliyetunza nyumba ya makumbusho ya Nairobi. Huyu hakumucheka. Akamweleza kwamba mengine kati yao ni vyombo vya kweli vya watu wa kale.

Tangu pale Louis hakuacha tena. Alikuwa na nia ya kuwa mumisionere kama baba yake, lakini mawe yalimuvuta. Akaenda kusoma Cambridge. Wakati ule wataalamu wengi walifikiri kwamba asili ya mutu ni Asia. Yeye alishika kwamba ni Afrika. Mwaka wa 1931 alianza kuchimba Olduvai, kule Tanganyika. Ilipita miaka 28! Ndipo mwaka wa 1959 bibi yake Mary akaona pale fuvu la kichwa lenye miaka karibu 1.750.000. Louis alikufa London tarehe 1 Oktoba 1972.

Ndugu, muangalie vizuri: kitabu kilikuwa cha mbali, lakini mutoto alitazama udongo wa kwao. Hata hapa Ituri, kwenye mulima Hoyo, kusini-magharibi ya Bunia, kuna pango la Matupi. Katika miaka ya 1970 wataalamu walichimba mule vyombo vya mawe vya zamani sana. Basi usifunge kitabu na kusema hayo ni mambo ya wengine. Soma, kiisha toka inje uangalie.