Kardinali Newman, Mwenye Elimu Aliyepiga Magoti

Wakatekumeni wapenzi, wako watu wanaowacheka ninyi, wakisema kwamba imani ya mtu asiyesoma si imani, ila ni kufuata tu maneno ya katekista. Mtu mmoja mwenye elimu kubwa kuliko hao wanaocheka alilikataa neno hilo. Jina lake ni John Henry Newman.

Alizaliwa London, mji mkuu wa Uingereza, tarehe 21 Februari 1801, katika jamaa ya Waprotestanti. Alisoma katika Universite ya Oxford, na mwaka 1822 akachaguliwa kuwa mmoja wa wataalamu wa chuo cha Oriel. Akawa padri wa Kanisa la Uingereza, lisilomtii Baba Mtakatifu. Kila Dominika vijana walijaa kanisani kumsikiliza, ingawa alisoma mahubiri yake kwa sauti ya upole, pasipo kupunga mikono.

Bali kadiri alivyosoma vitabu vya Mababa wa kale, ndivyo moyo wake ulivyokosa raha. Alianza kuona ya kuwa Eklezia yao ni ile ile ya Roma. Hata hivyo hakufanya haraka. Mwaka 1843 aliacha parokia yake, akakaa katika kijiji cha Littlemore akisali, akifunga, akiandika. Ninyi mnaohesabu miezi mpaka siku ya Ubatizo mwajua kungoja huko.

Usiku wa tarehe 8 Oktoba 1845, padri mmoja Mwitalia, Dominic Barberi, alifika Littlemore amelowa kabisa, kwa kuwa alisafiri saa nyingi juu ya gari la farasi katika mvua. Padri huyo alikuwa mwana wa wakulima maskini. Utotoni alichunga kondoo, kama watoto wachungavyo ng'ombe katika vilima vya Masisi, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuvunjika-vunjika. Alipokuwa bado anakausha nguo zake penye moto, Newman aliingia, akapiga magoti mbele yake, akaomba kupokelewa katika Eklezia Katolika. Kesho yake akapokelewa. Mwalimu wa Oxford miguuni pa mchungaji wa kondoo!

Hasara haikukawia. Rafiki wengi wakamwacha, na katika jamaa yake mwenyewe kulikuwa na machungu. Wakatoliki wengine nao walimshuku kwa miaka mingi, jambo ambalo, nadhani, lilimchoma zaidi. Alipewa upadri Roma mwaka 1847, akarudi kufanya kazi Birmingham, mji wa viwanda wenye maskini wengi.

Mwaka 1864 mkubwa mmoja wa Roma alimwalika akahubiri huko, akimshawishi kwamba atapata wasikilizaji wenye elimu kuliko wale wa kwao. Newman alikataa kwa barua fupi sana, akimkumbusha kwamba watu wa Birmingham nao wana roho. Ulimi wake ulikuwa mkali kama wembe, na hapo alikata mara moja tu.

Mwaka 1870 akatoa kitabu juu ya imani na hakika. Humo anafundisha kwamba mtu asiyeweza kupanga hoja zake kama wakili aweza kuwa na hakika ya kweli. Fikirini: mtu wa Walikale ajua kwamba maji ya Lowa yanaingia Lualaba, ingawa hakuyafuata kwa mtumbwi mpaka mwisho. Wazee wamemwambia, wafanyabiashara wamemwambia, mto wenyewe waelekea huko. Ushuhuda mdogo mdogo umeungana kama nyuzi za kamba. Akili yake haikulala. Imefanya kazi bila karatasi. Imani ni neema ya Mungu, lakini neema haiizimi akili hiyo, wala haingoji mtu apate diploma.

Papa Leo XIII alimfanya kardinali mwaka 1879. Alikufa Birmingham tarehe 11 Agosti 1890, na maelfu ya watu walisimama njiani jeneza lilipopita. Papa Fransisko alimtangaza mtakatifu mwaka 2019, na tarehe 1 Novemba 2025 Papa Leo XIV akamtangaza Mwalimu wa Eklezia. Sikukuu yake haikuwekwa siku ya kufa kwake, ila tarehe 9 Oktoba, siku ile alipopokelewa Littlemore.